Mikono ya Baba

Baba alikaza boliti hata usingizini.
Mama alitusimulia asubuhi, akicheka kidogo
ili tusiogope: jana amenikaza bega mara arobaini.
Mimi niliyeona sikucheka.
Nilikuwa na miaka tisa, mjini Flint, theluji ikikwaruza kioo.
Nilisimama mlangoni nikaitazama mikono ile juu ya blanketi
ikizungusha spana isiyokuwepo,
kulia, kulia, kulia,
kisha gari linalofuata.

Mkanda haukumngoja mtu.
Nyapara Boyce alikuwa na saa mfukoni
na haja ya mtu mzima ilipimwa kwayo.
Kasi ilipoongezwa hakuna aliyetangaza;
wanaume waliijua kwa magoti.
Aliyeuliza aliambiwa atazame nje ya geti,
wapo kwenye baridi wanaoitaka nafasi yako.
Baba alitazama. Wawili aliwatambua,
tulikuja nao kutoka Missouri kwenye lori moja.

Kadi ya chama aliificha kiatuni, chini ya soli,
na kiatu kilikuwa kinavuja.
Jina Orville Stamper likalowa, likafutika,
likabaki O moja na doa.

Halafu, mwaka ukikaribia kuisha, hakurudi nyumbani.
Hakufa. Alikaa.
Walizima mashine wakakaa,
juu ya viti vya magari ambayo hayakuwa na magurudumu,
na matajiri wakapigwa na bumbuwazi:
kumfukuza mtu walijua tangu zamani,
lakini huyu aliyekataa kutoka, afukuzweje?

Lucius Pettway alikaa pia, mweusi peke yake jengo zima.
Baba hakuwa malaika.
Alikulia kwenye maneno nisiyoyaandika hapa.
Siku za kwanza Pettway alilala upande wake, kiti cha nyuma.
Siku ya kumi na moja wembe uliobaki ulikuwa mmoja,
foleni ikapangwa,
na Baba alisimama nyuma yake akingoja, na taulo begani.

Usiku wa mabomu ya machozi
bawaba za milango ziliruka kutoka paani kama mvua ya chuma.
Mama, ambaye kanisani hata amina aliitamka kwa ndani,
alichukua mti wa kusukumia chapati za unga wa mahindi
akavunja vioo vya kiwanda, kimoja baada ya kingine,
ili walio ndani wapate hewa.
Alirudi na damu kwenye kiwiko.
Akaosha ule mti. Kesho yake akasukumia mkate.

Jumapili iliyofuata alininyanyua hadi dirishani,
sufuria ya maharage ikapita kwanza, kisha uso wangu.
Baba alikuwa na ndevu za mtu mwingine.
Mimi sikutazama ndevu.
Mikono ilikuwa imeshika kikombe.
Imetulia. Imetulia kabisa,
mvuke ukipanda katikati ya vidole
kama vile haikuwahi kuwa na kazi nyingine duniani.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja tu, watu wakalia barabarani.
Nimeusoma mara nyingi tangu siku ile
wala sijaona mstari unaotaja tanuri
alikorudishwa Pettway, kwenye joto lile lile,
kwa ujira wa jana.
Baba aliliuliza hilo mkutanoni mara mbili.
Mara ya tatu hakuuliza.
Sijui nimsamehe au nisimsamehe.

Kiwanda sasa ni sakafu ya saruji na magugu.
Kitukuu wangu Delphine anapakia vifurushi kwenye ghala,
kifaa mkononi kinamhesabia sekunde,
kikilia akichelewa.
Wiki iliyopita alilala kwenye kochi langu.
Usiku nikaamka, nikamwona
kidole gumba kikibonyeza blanketi,
kikibonyeza, kikibonyeza.

Asubuhi nilimwekea kahawa.
Sikumsimulia habari za Flint.
Nilimuuliza tu,
viatu vyako, mama, vinavuja?