Daftari la Pili

Ukutani mwa sako yetu pale Mudete,
juu ya dirisha la keshia, fundi wa rangi aliandika:
*Mali bila daftari hupotea bila habari.*
Alilipwa mia nane. Vocha niliijaza mwenyewe.
Hakuna aliyetuonya
kwamba mali yenye madaftari mawili
hupotea na habari zake zote, zimepigwa mstari kwa rula.

La kwanza lilikuwa la buluu, la mkutano mkuu:
gawio asilimia kumi na moja, makofi, soda,
mwenyekiti Adagala akipangusa jasho kwa leso ya mkewe.
La pili lilikaa stoo, chini ya magunia ya mbolea.
Mimi ndiye niliyeyalisha yote mawili
kwa kalamu ile ile.

Sitasema sikujua. Nilijua
kama mtu anavyolijua jino lake bovu:
ulimi unalizunguka, mdomo unacheka.

Jumanne moja, bonasi ya majani chai ndiyo kwanza imeingia,
akaja mkaguzi kutoka mamlaka.
Tulitarajia mzee wa kitambi na dereva wake.
Akashuka kwenye pikipiki msichana, Chelagat,
viatu vimelowa matope mekundu, barua ina mhuri.
Chai akaikataa.
Kuku akamkataa.
Kuku! Hapa Vihiga! Mwenyekiti alibaki ameshika sahani.

Akaomba kiti na soketi ya umeme,
akafungua sefu, akahesabu mpaka sarafu.
Siku tatu. Hakupaza sauti hata mara moja.
Swali lake lilipokuja lilikuwa dogo kama sindano:
"Huyu wa mkopo nambari mia nne kumi na saba,
Yohana Lidambiza, alitia sahihi Agosti?"
"Ndiyo."
"Na mchango wa mazishi yake mliutoa lini?"
"Machi."

Machi ya mwaka ule ule.
Hata watoto wa chekechea wanaujua wimbo wa miezi.

Mvua ya saa nane ikaanza, kama kawaida yetu,
ikapiga mabati kiasi kwamba hakuna aliyesikia
mimi nikivuta magunia.

Msiniite shujaa. Nilichoka tu.

Alhamisi kufuli jipya, tangazo mlangoni, karatasi imeloa.
Watu wakajaa barabara hadi kwa muuza mitumba.
"Serikali imekula pesa zetu!" akalia Ronika, mjane wa Yohana,
kitabu chake cha akiba kimefungwa kwa nailoni ya mkate.
Yeye ndiye mdhamini. Miezi kumi na minne
alikatwa kulipia deni la kaburi.
"Mume wangu akiwa hai aliogopa madeni," akasema.
"Amekufa ndipo akawa jasiri?"

Chelagat hakujitetea. Alisimama mvuani, akatoa kalamu.
"Jina langu liandike vizuri," mjane akamwambia,
"lisije nalo likakopa."

Nami nina swali langu, si la mahakamani Kakamega
ambako nimeitwa shahidi mara tano na kesi bado inatajwa tu.
Leseni ilining'inia pale miaka sita, ndani ya kioo.
Kila Ijumaa niliipangusa vumbi.
Mbona hamkuja wakati magunia yalikuwa mawili tu,
na Yohana yuko shambani, anachuma?

Juzi dirisha lilifunguliwa. Meneja mgeni, kamera mpya,
ukuta umepakwa chokaa, methali imefutwa.
Nilipanga foleni kama wenzangu.
Mbele yangu Ronika alipewa elfu tatu mia mbili, awamu ya kwanza.
Akazihesabu. Akazihesabu tena.
Keshia akagonga kioo: "Mama, wengine wanangoja."
Akalowesha kidole, akaanza upya, noti ya kwanza.

Nilikuwa na haraka. Nikanyamaza.
Hesabu, mama.