Saruji ya Nolberto

Kisiwani Lemuy mvua hainyeshi, inaishi.
Imepanga nasi nyumba moja na kodi hailipi.
Chini ya turubai la bluu, nyuma ya banda la viazi,
nimelala chali topeni, mwezi wa saba huu,
nakwangua tumbo la mashua ya marehemu baba:
nyeupe, kijani, nyeupe tena,
kisha nyekundu moja ambayo hakuna anayeikumbuka.

Mimi ni mpishi wa shule. Mikono yangu inajua unga.
Keekee nimejifunzia ukubwani,
na randa ilinila kidole kabla haijanizoea.
Siku hizi naijua taruma iliyooza kwa kuigonga tu:
nzima hujibu, mbovu humung'unya.
Kumi na moja zilimung'unya.

Mbao za alerse haziuzwi tena, sheria imekataza,
wala siilaumu sheria.
Ngazi ya shule ya zamani ilipovunjwa, niliomba vipandio.
Vina mabonde katikati, viatu vya watoto
vilipopita mwaka baada ya mwaka, vingi vikichelewa.
Nimeyageuza mabonde yaangalie ndani.
Bahari haina haja ya kujua.

Yasna, jirani, anayelisha samaki vizimbani mwa kampuni,
huja zamu ikiisha, ananuka dizeli,
begani kamba za nailoni zilizotupwa.
"Nunua ya plastiki, Edelmira. Ya plastiki haiozi."
Namwambia: kisichooza hakitengenezeki.
Anacheka. Anashika upande wa pili wa ubao.

Lakini kisa chenyewe ni saruji.
Ndani ya ngama, ubavu wa kushoto, karibu na mkuku,
donge kubwa kama mkate wa Pasaka,
kazi ya kaka yangu Nolberto,
aliyeigongesha mashua mwambani akanyamaza,
akaziba usiku, na asubuhi akapanda meli
kwenda Punta Arenas kukata manyoya ya kondoo.
Barua mbili. Ya tatu iliandikwa na mtu mwingine.

Saruji kwenye mbao! Hata mtoto anajua:
saruji hushika maji, maji huozesha.
Nilikuwa nimemwekea kiporo cha hasira
miaka thelathini na miwili.
Nikatwaa patasi na nyundo kubwa, nikaipiga,
hili la mama, aliyehesabu kila meli,
hili langu, niliyebaki na viazi.

Ikatoka vipande vitatu.
Chini yake ubao ulikuwa mkavu.
Mkavu kabisa, rangi ya asali,
unanukia kana kwamba umepasuliwa jana.
Na juu ya kipande kikubwa, vidole vinne
pale alipokandamiza.
Nikaweka vyangu. Havikuingia.
Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mtoto.

Sikuirudisha, nisidanganye.
Nilitia ubao mpya, misumari ya shaba,
nikakalafati kwa gome lililopondwa, kama inavyopasa.
Kipande chenye vidole kiko jikoni,
kinazuia mlango usijifunge.

Jumanne ya bamvua tuliishusha.
Mashua iliyokaa nchi kavu ina kiu,
hunywa kwanza, ndipo huelea. Nililijua hilo.
Kulijua hakusaidii
maji yakikufika vifundoni saa nne usiku.
Nikateka kwa ndoo ya shule, ile ya maganda.
Saa ya kwanza, ndoo arobaini.
Ya pili, thelathini na moja. Yasna akanipokea,
akasinzia ameketi, ndoo mapajani.
Mbao zikivimba zina sauti,
kama mtu anayejigeuza kitandani
akitafuta mahali pake.
Kumi na tisa.
Nane.
Kulipokucha, mbili, na ya pili haikujaa.

Tanga bado halijashonwa. Usukani una pengo.
Mlingoti ungali mti, umelala nyasini na vifundo vyake.
Nikafunga kamba, nikaenda kazini na buti zile zile,
nikapika dengu za watoto tisini,
na kila nilipoteka upawa mmoja
midomo yangu ilihesabu.