Kioo cha Kushoto

Nimekuja na kebo ya klachi mkononi,
imekatika uzi mmoja mmoja
kama subira ya mke mkubwa.
Nimeifunga gazeti isinichafulie buibui.
Asaa haulizi nataka nini.
Anaifungua, anainusa, anasema:
"Ya Honda hamsini hii, Bi Mafunda.
Marehemu bado yupo?"

Marehemu yupo. Yupo nje, kaegemea ukuta,
anatona oili kwenye vumbi la Wete.
Nimemsukuma toka njia ya Konde,
na wa barazani wakanihesabia hatua.
Hakuna aliyenyanyuka.

Ndani, mbele kabisa, zimepangwa mpya saba.
Viti vyao bado vimo ndani ya nailoni,
tairi zina vinyweleo vya mpira
kama sikio la mtoto wa siku tatu.
(Miaka kumi na tisa nazalisha,
sina mfano mwengine.)
Naweka kiganja juu ya tangi jekundu.
Baridi. Halijapakiwa gunia,
halijaamshwa saa tisa za usiku kwa mvua
kwenda kwa mtu ambaye maji yamekwisha kumwagika.

Asaa ananiona. Sauti yake inaingia sukari:

"Panda, mama, ujaribu,
kiti hiki ni kitanda;
haikupi kamwe tabu,
milima yote hupanda;
nipe nusu ya hesabu,
nusu lete ukipenda."

Nikapanda.
Buibui likakusanyika magotini,
na Nyange, kijana wa dukani,
akageukia ukuta kwa adabu
akawa anasoma bei za mikanda.
Nikashika usukani. Nikatazama kioo cha kulia:
rafu, makopo ya biskuti yaliyojaa plagi,
ringi, gasketi, beringi zinazolia zikitikiswa.
Nikatazama cha kushoto:
mlango, jua, na kile kikongwe changu
kinanikodolea taa yake moja
kama punda aliyesikia anauzwa.

Nikateremka.

"Kebo," nikasema.
Akafungua kopo la kwanza, la pili, la tano.
Akanitolea mbili, akazilaza juu ya kaunta.
"Hii ya Kijapani, elfu kumi na nane.
Hii ya Kichina, saba."
"Ipi itanifikisha?"
"Zote zitakufikisha," akasema Asaa,
sukari imekwisha mdomoni.
"Moja itakurudisha."

Nilikuwa na elfu ishirini na nne
na mkoba usio na unga.
Tukavutana. Nikamtajia mwanawe wa tatu,
aliyetanguliza miguu,
nikamtajia usiku ule na shuka zangu mwenyewe.
Ikashuka kumi na tano.
Hapo ndipo nilipokiona, kimening'inia msumarini
peke yake, mwenzake keshauzwa:
kioo cha kushoto.

Changu kilivunjwa na mbuzi, Kinyasini,
mwaka juzi, na mbuzi hakudhurika.
Tangu hapo upande huo naishi kwa kukisia:
nani ananipita, nani ananitukana,
nani anasimama njiani na kanga kichwani
akipunga mkono nisimame.

"Elfu tisa," akasema Asaa.
Nikahesabu. Unga ukanyamaza.

Nyange akafunga kebo, akafunga kioo,
akakifuta kwa shati lake mwenyewe.
Nikapiga kiki: mara ya kwanza, kikohozi;
ya pili, dua;
ya tatu kikongwe kikaamka kwa moshi
uliowafuata wa barazani mpaka kwenye bao lao.

Sijafika kona. Kushoto, ndani ya kioo,
kitu kinakimbia, kidogo, kinakua:
Nyange, kandambili mkononi, gazeti hewani.
"Bi Mafunda! Kebo yako mbovu!"

Nikasimama.
"Ilete, mwanangu.
Banda la kuku halina mlango."