Kabla ya Kufungua Duka la Dawa

Saa kumi na moja kasorobo Duitama imejifunika ukungu
mpaka masikioni.
Naipitisha baiskeli mlango wa jikoni, nimeibeba begani
mnyororo usije ukamwamsha mama,
ambaye yu macho tangu zamani
na ananiambia gizani: "Nubia, kwa umri huo!"
Kwa umri huu, mama. Hamsini na mbili.
Magoti yangu yanajua hesabu kumshinda karani wa benki.

Niliinunua kwa fedha za jokofu.
Rodulfo alipohama alilibeba la zamani, na nyama ikiwa ndani,
nami nikahesabu noti mara mbili,
nikalipita duka la majokofu kama mtu asiyelijua.
Huku kwetu baridi ni ya bure. Maziwa nayaweka dirishani.
Hayajachacha hata siku moja.
Wala mimi.

Watu husema mlima hufundisha subira.
Miaka kumi na tisa naupanda huu wa kuelekea Charalá
na haujanifundisha kitu ila wenyewe:
kona ya mikaratusi, hapo shusha gia;
kona ya sanamu ya Bikira, hapo usiongee;
kisha kile kipande kilichonyooka, kibaya kuliko vyote,
kwa sababu mwisho wake unauona.
Subira sina.
Muulizeni yeyote aliyewahi kunitangulia kwenye foleni.

Sipingi gia za betri. Yamile, fundi wangu, anazisifu
kama mama mkwe anayesifu mkwe mpya.
Ninachokataa ni kuamka alfajiri nikaambiwa
na chombo cha miguu yangu
kwamba kimeishiwa chaji.
Wala sipingi wanaume wa Jumapili, jezi sare,
wanaolipa bei ya ndama wapunguze gramu mia mbili kwenye fremu,
kisha hao, mpaka Paipa, mikate ya jibini minne kila mmoja
na chokoleti ya moto juu yake.
Wanakula vizuri. Hilo nawaheshimu.
Ila yule anayekupita kwa kishindo,
halafu akifika mbele anapoa kama uji uliosahauliwa,
huyo nina neno naye,
na neno lenyewe haliandikiki.

Malori ya viazi nayaogopa. Sioni haya kusema.
Kilomita ya tisa, kwenye nguzo, imefungwa baiskeli
iliyopakwa chokaa nyeupe tairi hadi usukani.
Ya Edilson, mtoto wa muuza maua.
Nikifika hapo nagonga kengele mara moja.
Si sala. Ni salamu.

Na juu kidogo, nyumba ya bati jekundu, yuko Sargento.
Zamani alikuwa kocha wangu: mbwa wa kahawia, sikio moja,
alinifukuza mpaka darajani kila asubuhi aliyoijalia Mungu
na mimi nikavunja rekodi zangu zote
kwa hofu tupu.
Siku hizi anabweka akiwa ameketi.
Juzi alibweka akiwa amelala, jicho moja limefumba.
Nikapunguza mwendo.
Kisha nikaona hiyo ni dharau,
nikasimama juu ya pedali nikatimua mbio, nikihema,
nikigeuka nyuma kama mtu anayefukuzwa kweli.
Mkia wake ulitikisika mara mbili. Nilihesabu.

Kuteremka hakuna maoni. Kuna machozi ya upepo
na vidole nisivyovihisi,
na bonde zima chini linawasha taa za jikoni, moja hapa, tatu kule.

Saa mbili kamili niko nyuma ya kaunta, koti jeupe,
alama ya kofia ngumu ingali kwenye paji la uso,
na grisi kwenye ndama ya mguu wa kulia, ambayo hakuna sabuni iliyoiweza.
Doña Ubaldina anaingia akichechemea:
"Binti, ile dawa ya kuchua magoti ipo?"
Ipo, Doña. Zilibaki mbili.
Nakuuzia moja.