Siku ya Tatu Bila Mafuta

Siku ya tatu bila mafuta,
Bukavu imekuwa kisiwa.
Pale Nyawera nasikia mtu akikohoa
ng'ambo ya barabara,
jambo ambalo sijawahi kulisikia.

Nimeazima kinga ya shemeji Cirhuza,
ile ya kubebea mikate.
Kikapu bado kinanukia chachu.
Breki ya nyuma, akaniambia, ni kiatu chako.

Nateremka Labote.
Sikanyagi. Kwa nini nikanyage?
Mlima umenilipia nauli.
Ziwa liko kushoto, mara liko kulia,
kama mtoto anayejificha nyuma ya nyumba
na kucheka kabla hajatafutwa.

Wamotari wamelaza mashine zao kivulini,
wanacheza karata. Mmoja ananiita:
"Mama, unaenda wapi polepole hivyo?"
Siendi.

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikienda tu:
sokoni, shuleni, hospitali, matangani,
mkono umeng'ang'ania koti la dereva,
moyo unahesabu mashimo.

Kwenye ncha ya rasi barabara inaisha.
Naegemeza baiskeli ukutani,
nakula chapati niliyowaficha watoto.
Hakuna cha ajabu hapa: maji, mtumbwi mmoja,
na Rwanda upande wa pili
imeanika nguo.

Kurudi ni kupanda.
Nitasukuma, nitatoka jasho, magoti yatanisema.
Na kesho, wanasema, malori ya mafuta yanaingia.
Mungu anisamehe,
nimeomba yachelewe
hadi Jumapili.