Saba kwa Wino

Jumatano baada ya isha, ghala la zahanati ya punda
huwa letu. Magunia ya pumba tunayasukuma ukutani,
mkeka unatandikwa, dadu tatu zinatoka
ndani ya kopo la dawa ya minyoo.
Mchana kazi yangu ni kupitisha utepe kifuani mwa punda
nikajua uzito wake bila mizani.
Usiku mimi ndiye mwamuzi: nawapima watu wasiokuwepo.

Sifa sita, dadu tatu kwa kila moja, mrusho mmoja.
Nguvu, wepesi, siha, akili, busara, haiba.
Hakuna kurudia. Ndivyo kisemavyo kitabu changu,
fotokopi isiyo na jalada, kurasa mbili zimeliwa na mchwa.
Shee Lali alipata haiba kumi na sita,
akawa malenga wa makasri,
yeye ambaye Langoni nzima hawezi kudai chenji yake dukani.
Kupi akapata wepesi, akawa mfungua makufuli.
Mwanatumu akarusha: nguvu, kumi na saba!
Tukapiga makofi. Halafu akili:
mbili, nne, moja.

"Basi askari," nikamwambia. "Upanga, ngao, umefika."
"Mchawi," akasema.
Nikamfunulia ukurasa, nikaweka kidole:
mchawi mwenye akili chini ya tisa
hukatwa moja katika kila tano ya tajriba aipatayo,
na uchawi mkubwa hatausoma abadani.
Akausoma, midomo ikicheza. Akaurudia.
"Nimeelewa. Andika mchawi."

Ulikuwa mwaka wake wa pili kurudia mtihani.
Hakuna aliyelitaja hilo.

Tangu hapo mimi ndiye mkataji.
Joka la pangoni, mia tano kila mtu. Mwanatumu mia nne.
Daraja la mifupa, mia. Mwanatumu themanini.
Wenzake wako ngazi ya tano,
yeye ya tatu, na cheche moja ya moto
iwashayo kandili ikazimika.

Kuna usiku lango la chuma lilitushinda.
Vidole vya Kupi vikateleza, utenzi wa Shee ukakwama,
nje punda mmoja mgonjwa akilia kana kwamba anatucheka.
Mwanatumu akaweka bega.
Lango likalala chini.
Na kitabu, nilipokifungua: mchawi hapati kitu
kwa kazi ya bega.
Penseli niliishika kitambo.
Nikasema, hii saba tunaweza kuifanya tisa,
nani atajua, pumba?
Akanitazama vile punda amtazamavyo mwenye utepe wa baridi.
"Ukiibadilisha, aliyelivunja lango ni nani?"
Nikaandika sifuri.

"Yeo nipete ngapi?" huuliza kila tukikunja mkeka,
nami humwambia, naye huondoka na viatu mkononi
akipita uchochoroni kimya, asimwamshe mama yake.

Karatasi yake naiweka mimi, ndani ya daftari la chanjo.
Saba iko kwa wino, haijachuja.
Chini yake, penye tajriba, nimefuta nikaandika,
nimefuta nikaandika,
hadi juzi kifutio kikatoboa.
Sasa hesabu yake iko pembeni, karibu na doa la chai.
Alama kumi na mbili tu afike ngazi ya nne.
Yaani kumi na tano.