Hodi ya Volti Tano

Vardø, Januari, saa sita za mchana na nje ni usiku.
Jua tuliliaga Novemba; halijarudi.
Mezani pangu pana kibao cha kompyuta
kisichozidi biskuti mbili kwa ukubwa,
taa yake ya kijani inapepesa, ina afya,
na matundu manne ya USB yaliyokufa ganzi.

Nachomeka kipanya. Tumbo lake haliwaki.
Nachomeka kibodi. Kimya.
Nachomeka maikrofoni ninayotaka kuitundika mwambani
ihesabu kelele za shakwe wakirudi kutaga mwezi wa Machi.
Kimya kilekile, kimeongezeka uzito tu.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi umeme
wa kiwanda cha kugandisha samaki.
Volti mia nne zilinijua kwa jina, Oddny,
zilinirusha mara moja tu, mwaka wa themanini na nane,
tangu hapo tukaheshimiana.
Leo nimeshindwa na tano.

"Tazama faili la mipangilio," asema Eskil, mjukuu wangu,
kwa simu kutoka Trondheim, akitafuna kitu.
Nami namjibu: faili ni maneno, umeme ni umeme.
Waya umeshika au haujashika.
Ananyamaza kwa adabu, ile ya vijana, yenye pumzi ndefu.

Basi nikaanza kushtaki.
Nikaishtaki adapta: mita ikasema tano nukta moja, haina hatia.
Nikaishtaki fyuzi, kile kidude kinachojiponya kikipoa:
nikakiacha dirishani saa nzima, kando ya theluji,
nikakipima, kizima kama jino la mbwa.
Nikaishtaki kebo nyeupe, na hiyo sikuipa hata wakili;
niliitupa kwenye ndoo ya taka, juu ya ngozi za chewa.
Torgeir, jirani aliyenilipa kibao hiki badala ya deni la rangi,
nilimshtaki pia, kimoyomoyo:
nilimwona akizoa theluji kwa koleo
na sikumpungia mkono.

Saa nne usiku nikavaa miwani juu ya miwani.
Nyuma ya matundu kuna chipu, punje ya mchele, miguu mitano.
Nikaigusa mguu mmoja mmoja kwa ncha ya mita.
Wa kuingilia: tano.
Wa kutokea: sifuri.
Wa ardhi uko ardhini, mahali pake.
Wa kulalamika haukulalamika.
Wa tano, wa ruhusa:
sifuri.

Nikaketi.
Kumbe umeme ulikuwa umefika tangu asubuhi.
Umesimama kizingitini, umevua kofia,
unabisha hodi, hodi,
na ndani hakuna aliyeambiwa aitikie karibu.

Nikachukua kipande cha waya, nikauazimia mguu ule
volti tatu na kidogo kutoka pini ya jirani.
Kipanya kikawaka. Kiganja changu kikawa chekundu
hadi kwenye makovu.
Nikauondoa waya: giza. Nikaurudisha: nyekundu.
Mara tisa. Sikuwa na shaka tena, nilikuwa nacheza.

Sasa nani alipaswa kusema karibu?
Nikachomoa kadi, nikaitia kwenye kompyuta kubwa,
nikalifungua faili ambalo Eskil alilitaja mara tatu.
Mstari wa arobaini na mbili: washa pini ya kumi.
Kibao cha zamani kiliweka ruhusa kwenye pini ya kumi.
Hiki cha Torgeir ni toleo la pili; ruhusa ilihamia kumi na moja
na faili halikupata habari za msafara.
Kila nilipokiwasha, kibao kiliita karibu kwa sauti yake yote
kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nikafuta sifuri, nikaandika moja.
Tarakimu moja. Maneno, Oddny. Maneno tu.

Tano nukta sifuri saba, matundu yote manne.
Nimeiandika kwenye utepe, nikaubandika kifunikoni
pamoja na tarehe, desturi ya kiwandani.
Eskil nitampigia kesho;
usiku huu bado nina haki ya kiburi kidogo.
Kwa sasa nimeinamia ndoo ya taka,
mikono inanuka samaki,
natafuta kebo.